Barua ya Wazi: Fungueni Madaftari ya Joto ya Kilimanjaro na Arusha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Uchukuzi. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Na Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: KUWEKA HADHARANI KUMBUKUMBU ZA JOTO ZA VITUO VYA MOSHI, LYAMUNGO, KIA NA ARUSHA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari wilayani Moshi, na baada ya saa za kazi ni mkulima wa kahawa na migomba katika kihamba, yaani shamba la ukoo nililorithi, huko Kibosho. Naandika kuwaomba jambo moja: kumbukumbu za joto la kila siku zilizoandikwa katika vituo vya hali ya hewa vya mikoa yetu miwili, tangu vituo hivyo vilipoanza hadi leo, ziwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuzisoma na kuzinakili bila barua ya utambulisho na bila malipo, kiwango cha chini cha usiku kiwe safu yake, kiwango cha juu cha mchana kiwe safu yake, na historia ya kila kituo iambatanishwe. Sababu za ombi ni ndefu kuliko ombi lenyewe, nanyi mtanivumilia.

Hapa kwetu mjadala wa mabadiliko ya tabianchi haufanyiki vyuoni peke yake. Unafanyika kwenye mikutano ya AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, kwenye vilabu vya mbege, kwenye Coaster za kwenda Arusha, na siku hizi zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ambako picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye barafu, ya zamani na ya sasa hurushwa kila baada ya wiki chache, halafu ubishi unaanza upya kana kwamba haujawahi kufanyika. Wapo wanaosema kila jambo ni tabianchi: mvua ikichelewa ni tabianchi, ikizidi ni tabianchi, mgomba ukinyauka ni tabianchi. Na wapo wanaosema kwamba habari yote hii ni hadithi iliyotungwa Ulaya ili watu wapate fedha za miradi. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na kinachonisikitisha ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao, nami nikiwamo, anayeweza kufungua ukurasa na kuonyesha usiku wa Moshi ulikuwa na joto kiasi gani mwaka 1965 na una joto kiasi gani leo. Tunabishana kuhusu nyumba yetu kwa kutumia vipimo vya nyumba za wengine.

Hoja inayotumiwa zaidi na wenye mashaka ni ya barafu, na kwa bahati mbaya ni hoja tuliyowapa sisi wenyewe. Mlima huu umekuwa uwanja wa ubishi wa ushahidi tangu zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alisafiri hadi Uchaggani na kuandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari hiyo ilipochapishwa, mwanajiografia wa London aitwaye William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliipinga vikali kwa hoja za mezani: theluji karibu na ikweta haiwezekani, basi mmisionari ameona kitu kingine. Ubishi ulidumu hadi miaka ya 1860, baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima kwa sehemu na kuthibitisha. Wachagga walikuwa wakiiona theluji hiyo kila asubuhi wakienda kukata majani ya ng'ombe, lakini hakuna aliyefikiria kuwauliza.

Ramani iliyotokana na safari ya Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute mwaka 1912 ilionyesha barafu yenye eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 eneo hilo lilikuwa limeshuka chini ya kilomita za mraba 2. Hilo halibishaniwi na yeyote aliyepima. Ubishi ulianza pale Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, aliyetoboa na kuchukua vipande vya barafu ya Kibo mwaka 2000, alipoandika mwaka 2002 katika jarida la Science kwamba, iwapo mwenendo uliokuwapo ungeendelea vile vile, barafu ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Kauli hiyo ilikuwa na sharti ndani yake. Ilipofika kwenye mabango, kwenye filamu na kwenye hotuba za viongozi wetu, sharti lilikuwa limedondoka njiani, ikabaki tarehe tupu. Mwaka 2020 ukafika, ukapita, barafu ipo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliinuka katikati ya kipindi, akanyoosha kidole dirishani ambako Kibo ilikuwa wazi bila wingu, akauliza, "Mwalimu, si mlisema imeisha?" Darasa zima likacheka, na nilitumia vipindi viwili kurudisha jambo mahali pake.

Jibu la kweli, Waheshimiwa, ni la kuvutia kuliko kaulimbiu. Barafu ya uwanda wa kilele cha Kibo iko kwenye mita 5,700 hivi, mahali ambapo wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, pamoja na Thomas Mölg, Philip Mote na wenzao, wamekuwa wakieleza kwamba sehemu kubwa ya barafu hiyo haiyeyuki kama kipande kilichowekwa kwenye bilauri; jua kali huigeuza kuwa mvuke moja kwa moja, na theluji mpya haitoshi kufidia kilichopotea, kwa sababu anga la Afrika Mashariki lilikauka mwishoni mwa karne ya 19, kabla moshi wa viwanda haujaanza kutawala joto la dunia. Thompson naye akajibu kwa ushahidi wa aina nyingine: katika vipande alivyovitoa, tabaka la juu peke yake ndilo lenye alama za kuyeyuka na kuganda tena, na tabaka za chini zilizodumu karne nyingi hazina alama hizo. Tangu mwaka 2000 kuna kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, kilichowekwa na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, na vipimo vyake vimetumiwa na pande zote. Nataka mlione hilo: hakuna kati ya wataalamu hawa anayekana kwamba dunia inapata joto, wanachobishania ni kwa njia gani joto hilo, na ukame unaofuatana nalo, vinaifikia Kibo. Huo ndio ubishi wa watu wenye vipimo mezani.

Na kama suala ni maji ya mifongo yetu, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, barafu si mahali pa kwanza pa kuangalia. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameutembea mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu na kuusukuma mpaka wa miti uteremke umetupotezea maji mengi kuliko kupungua kwa barafu, kwa kuwa miti hiyo ndiyo inayonasa ukungu na kuugeuza kuwa maji. Moto wa Oktoba 2020 tuliutazama wenyewe usiku tukiwa mjini. Kwa maoni yangu, kuifanya barafu kuwa shahidi mkuu wa tabianchi mbele ya umma lilikuwa kosa. Ni shahidi mzuri kwa picha, lakini maelezo yake yana mikunjo mingi mno kwa bango moja. Shahidi aliye imara zaidi anakaa kwenye kibanda cheupe ambacho watu wengi hupita pembeni yake bila kujua ni cha nini.

Kibanda hicho ni cha mbao, kuta zake ni vibao vilivyopangwa kwa mshazari ili upepo upite na jua lisiingie, nacho kimeinuliwa zaidi ya mita moja juu ya nyasi. Ndani yake vipimajoto viwili vimelazwa. Cha mchana kina zebaki, na shingo yake imebanwa ili zebaki ikishapanda isirudi yenyewe. Cha usiku kina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba kinachoburutwa kuelekea chini jinsi baridi inavyozidi, kisha kinaachwa pale baridi ilipokomea. Saa tatu asubuhi mwangalizi hufungua mlango, husoma vyote viwili, huandika kwenye daftari, hukitikisa kile cha zebaki na kukiinamisha kile cha spiriti ili kijiti kirudi mwanzo. Ni kazi ya dakika chache ambayo mtu akiiruka siku moja hawezi kuirudia kesho yake. Watanzania wameifanya kazi hiyo kwa vizazi, siku za sikukuu na siku za misiba, na sehemu kubwa ya walichoandika haijawahi kuonwa na mlipakodi aliyewalipa mshahara.

Rekodi za joto la dunia zinazotajwa kwenye taarifa za habari zimejengwa kwa madaftari ya namna hiyo, kutoka maelfu ya vituo vya nchi kavu, yakichanganywa na vipimo vya meli na maboya ya baharini. Rekodi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza na Chuo Kikuu cha East Anglia inaanzia mwaka 1850; ya NASA ya Marekani inaanzia 1880; zipo nyingine za Marekani, Japani na Ulaya. Zinatofautiana kwa sehemu ndogo za nyuzi, lakini mwelekeo wake ni mmoja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilizipima kwa pamoja na kutangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyorekodiwa, takriban nyuzi joto 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900, na kwamba miaka 10 yenye joto zaidi hadi wakati huo ilikuwa ile ile 10 ya kuanzia 2015 hadi 2024. Hapa niseme pia, kwa sababu nimesikia kiongozi mmoja akikosea, kwamba mwaka mmoja kupita nyuzi 1.5 hakumaanishi kuwa kikomo cha Mkataba wa Paris kimekwisha kuvukwa. Kikomo hicho hupimwa kwa wastani wa miaka mingi.

Wenye mashaka husema takwimu hizi zimepikwa, na ushahidi wao ni kwamba hufanyiwa marekebisho. Ni kweli hufanyiwa marekebisho, na ni lazima. Kituo kinahamishwa kutoka katikati ya mji kwenda uwanja wa ndege. Lami inamwagwa pembeni ya kibanda. Kipimajoto cha zebaki kinaondolewa na kuwekwa cha umeme. Saa ya kusoma inabadilishwa. Baharini mambo yalikuwa magumu zaidi: mabaharia wa zamani walichota maji kwa ndoo za turubai, na maji yalipoa ndani ya ndoo kabla ya kupimwa, baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, ambayo yalisomeka yakiwa na joto kupita kiasi. Asiyerekebisha tofauti hizo anapima ndoo na injini badala ya bahari. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukichukua dunia nzima, nchi kavu na bahari kwa pamoja, marekebisho hayo hupunguza kiasi cha ongezeko la joto la muda mrefu ikilinganishwa na takwimu ghafi. Anayetaka kuwatisha watu kwa takwimu za kupika hapiki kwa kupunguza.

Hata hivyo, siwezi kumlaumu mwananchi anayeshuku marekebisho asiyoyaona. Sisi wakulima wa kahawa tunaijua mizani. Mzani wa AMCOS ukihitaji kurekebishwa hakuna anayegoma, mradi fundi aurekebishe mbele yetu, mawe ya kupimia yawepo, na kilichobadilishwa kiandikwe. Mzani huo huo ukirekebishwa usiku ghala likiwa limefungwa, hata kama fundi ni mwaminifu kuliko sote, kesho yake hakuna atakayepeleka kahawa.

Hilo ndilo lililotokea Norwich, Uingereza, mwaka 2009. Mwezi Novemba, wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, barua pepe za watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia ziliibwa na kusambazwa, na vifungu vichache vikatolewa ndani yake kuonyesha kwamba wataalamu wanaficha ukweli. Uchunguzi kadhaa ulifanyika, ukiwamo wa kamati ya Bunge la Uingereza na ule ulioongozwa na Sir Muir Russell, ambao ulitoa taarifa yake Julai 2010. Haukupatikana udanganyifu katika sayansi yenyewe. Lakini watafiti na chuo chao walikosolewa kwa kutokuwa wazi inavyotakiwa, hasa katika kushughulikia maombi ya watu waliotaka takwimu. Kilichowafunga mikono, kwa sehemu, kilikuwa masharti ya idara za hali ya hewa za nchi mbalimbali zilizowapa takwimu kwa makubaliano kwamba wasizitoe kwa mtu mwingine. Mwaka 2011 chuo kiliziweka hadharani karibu takwimu zote za vituo, na mstari wa joto ulibaki pale pale ulipokuwa. Miaka ya usiri haikulinda chochote, ila ilizalisha shaka ambayo bado naisikia Moshi, kwa watu ambao hata Norwich hawajui iko wapi.

Linganisheni na kisa cha Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, California. Alikuwa na mashaka ya kweli kuhusu rekodi hizi, na baadhi ya fedha za kazi yake zilitoka katika mfuko wa Charles Koch, tajiri ambaye kampuni zake zimejengwa juu ya mafuta. Alikusanya timu, akachukua takwimu za vituo vingi kuliko waliomtangulia, akaanza hesabu upya kwa njia zake mwenyewe. Kati ya mwaka 2011 na 2012 alitangaza kwamba joto limepanda kama wengine walivyosema, kisha kwamba sababu yake kubwa ni binadamu. Hakushawishika kwa kuitwa mjinga wala kwa kuonyeshwa picha ya dubu juu ya barafu. Alipewa madaftari.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye sehemu ambayo inanigusa zaidi. John Christy wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville ni mmoja wa wataalamu wanaonukuliwa sana na wenye mashaka nchini Marekani, na pamoja na Roy Spencer hutunza rekodi ya joto inayopimwa kwa setilaiti. Miaka ya 1970 alifundisha sayansi Nyeri, Kenya. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa vituo 60 vya Kenya na 58 vya Tanzania. Kwa eneo linalojumuisha Nairobi, Mlima Kenya na Kilimanjaro, walikuta kwamba joto la juu la mchana halikuonyesha mwelekeo wa kupanda unaoweza kutofautishwa na sifuri tangu mwaka 1905, lakini joto la chini la usiku lilikuwa linapanda, tena kwa kasi inayoongezeka. Maelezo yao ni kwamba huenda matumizi ya ardhi, ukuaji wa makazi na vumbi au moshi wa maeneo husika ndivyo vinavyopandisha joto la usiku, si hewa ukaa peke yake.

Mimi sikubaliani na wanaolitumia andiko hilo kusema hakuna kinachoendelea, kwa sababu linasema kinyume chake: usiku wetu umebadilika. Kuhusu chanzo cha mabadiliko hayo, nafasi ya mjadala ipo, maana usiku kupata joto haraka kuliko mchana kumeonekana pia katika sehemu nyingi za dunia ambazo hazina vihamba wala moshi wa kuni. Lakini tazameni aibu iliyopo. Ubishi kuhusu usiku wa Kilimanjaro unaendeshwa Alabama, kwa madaftari yetu, na mwalimu wa Kibosho hana namna ya kuangalia kama Mmarekani huyo amesoma sawasawa.

Wala si ubishi wa kupitisha wakati. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania, wakitumia takwimu za mavuno na za hali ya hewa za kanda yetu ya kaskazini. Walikuta kwamba kinachoathiri mavuno kuliko vipimo vingine vya hali ya hewa walivyovichunguza ni kiwango cha chini cha joto, yaani joto la usiku, na kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hapo huambatana na upungufu wa takriban kilo 137 za kahawa kwa hekta. Sisemi kwamba kahawa yetu imeanguka kwa sababu hiyo tu. Mibuni ni mizee, bei ilitukatisha tamaa kwa miaka mingi, vijana wamekwenda mjini, na kihamba kilichogawanywa kwa watoto sita hakibaki shamba. Lakini wekeni tafiti hizo mbili pamoja. Mmoja, wa mtu mwenye mashaka na hatari ya tabianchi, unasema joto la usiku linapanda. Mwingine unasema joto la usiku ndilo linaloiumiza kahawa. Mkulima wa Kibosho au Machame hahitaji kuamua nani mkweli kuhusu Norwich ili aone kwamba jambo hili linamhusu. Anahitaji safu moja ya tarakimu, ya usiku.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba wastani hautoshi. Usiku ukipanda kwa nyuzi moja na mchana ukabaki ulivyo, wastani wa siku unapanda kwa nusu nyuzi, na habari yenyewe inapotea ndani ya nusu hiyo. Taarifa ya mwaka ya hali ya tabianchi ambayo Mamlaka huitoa ni kazi nzuri na naitumia darasani, ila ni muhtasari wa nchi nzima, uliokwisha kuchakatwa. Naomba kilicho chini yake: tarakimu za kila siku kama zilivyoandikwa, na zilizorekebishwa zikiwa pembeni yake, pamoja na maelezo ya nani alirekebisha nini na kwa nini. Kama kituo kilihamishwa, tarehe iandikwe. Kama kuna miezi isiyosomwa, ibaki tupu. Pengo lililotangazwa kuwa ni pengo halimdhuru mtu. Lililozibwa kimya kimya ndilo litakalokuja kutuumbua.

Najua Mamlaka hutoza ada kwa baadhi ya huduma zake na kwamba vifaa, mafuta na mishahara havilipwi kwa maneno. Mashirika ya ndege na kampuni za biashara zinazohitaji utabiri maalumu ziendelee kulipa. Lakini daftari la mwaka 1965 limekwisha kulipiwa na wazazi wetu, na mapato yanayoweza kutokana na kuliuza kwa mwanafunzi mmoja mmoja hayafikii hasara ya taifa zima kubishana gizani. Nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, Tanzania ikiwamo, zilipitisha Oktoba 2021 sera ya pamoja ya kubadilishana takwimu kwa uhuru zaidi; ingekuwa ajabu takwimu zetu zimfikie mtafiti wa Geneva kwa urahisi kuliko zinavyomfikia mwananchi wa Himo. Tena Mkurugenzi Mkuu, Dkt. Ladislaus Chang'a, alichaguliwa Nairobi mwezi Julai 2023 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Hatuna upungufu wa watu wanaoelewa thamani ya jambo hili.

Itasemwa pia kwamba wananchi watazisoma takwimu vibaya. Watazisoma vibaya, baadhi yao, hasa mwanzoni. Ila kwa sasa wanasoma vibaya pasipo takwimu zozote, na mwalimu hana pa kuwaelekeza.

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa nina neno la ziada, na nalisema kwa heshima. Mafuriko yanapoingia majumbani kwa sababu mtaro uliziba kwa takataka, au kwa sababu kibali cha ujenzi kilitolewa ndani ya mkondo wa maji, na kiongozi akasimama mbele ya kamera kusema ni mabadiliko ya tabianchi, anaichakaza hoja ya kweli ili kuficha uzembe. Wananchi waliouona mtaro ukiziba hawatamwamini hata siku atakaposema jambo lenye ushahidi. Mvua kubwa zinaweza kuwa zinaongezeka. Tuonyeshwe vipimo vya mvua za kituo husika kwa miongo iliyopita, na mtaro uzibuliwe.

Kuna madaftari ya zamani ambayo huenda hayapo Dar es Salaam wala Moshi. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kazi hii ilikuwa chini ya idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi. Makao makuu ya Jumuiya ya sasa yako Arusha, saa chache tu kwa Coaster kutoka hapa ninapoandika. Naomba Wizara iulize rasmi, kupitia Jumuiya, ni kumbukumbu zipi za vituo vya Tanganyika zimebaki Nairobi na kwa utaratibu gani nakala zake zinaweza kuletwa.

Kama haiwezekani kuanza na vituo vyote, anzeni na Lyamungo. Utafiti wa kahawa upo pale tangu mwaka 1934, kituo kiko kwenye mwinuko ule ule ambako kahawa inalimwa, na wakulima wanapajua. Kuhusu gharama ya kuingiza tarakimu kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, kuna mfano: mwaka 2020 nchini Uingereza zaidi ya watu 16,000 wa kujitolea walinakili mamilioni ya vipimo vya mvua vya zamani kutoka kwenye picha za karatasi, wakiwa majumbani kwao. Sisi walimu wa Jiografia wa Moshi tunaweza kusimamia kazi kama hiyo. Kurasa zipigwe picha, madaftari yenyewe yasitoke ofisini. Kila ukurasa unakiliwe na wanafunzi wawili wasiokaa pamoja, na pale wanapotofautiana afisa wa Mamlaka aamue. Zilizoandikwa kwa Farenhaiti zinakiliwe hivyo hivyo, kubadilisha kutafanywa baadaye. Kinachohitajika kwanza ni barua moja ya kibali kutoka kwenu, yenye jina la afisa ambaye shule zitawasiliana naye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Kibosho, Moshi.